Bun B: Rapa aliyeachwa peke yake kundini, sasa aomoka kwa baga

UKIULIZA watu wa Houston, jimbo la Texas nchini Marekani, Bun B ni nani, utapata majibu mawili.

Wenye umri wa wazazi wako watakwambia ni nusu ya UGK, kundi la marapa wawili lililowafanya watu wa New York na Los Angeles wasikize hip hop ya kusini. Wadogo wao watakwambia ni yule buda wa baga.

Wote wako sawa. Bernard Freeman, maana hilo ndilo jina lake la kuzaliwa, amepita miaka 50 sasa. Bado anapanda jukwaani kuchana mistari ya UGK, na bado anauza dishi. Hajaacha kimoja ili akumbatie kingine.

Lakini safari yake inagusa swali ambalo wasanii wengi wa makundi huliogopa. Ukianza kutafuta riziki kwingine, je, umewasaliti wenzako? Na kama mwenzako ameaga dunia, lile jina mlilojenga pamoja unalifanyia nini?

WAWILI WA PORT ARTHUR

Bun B alizaliwa Machi 19, 1973, lakini mji uliomlea kimuziki ni Port Arthur. Huu ni mji wa viwanda vya kusafisha mafuta, pwani ya Ghuba ya Mexico, karibu na mpaka wa Louisiana. Kutoka hapo hadi Houston ni takriban kilomita 150. Miaka ya themanini, hakuna promota aliyekuwa akienda huko kusaka vipaji.

Ni katika mji huo ambapo UGK, kifupi cha Underground Kingz, ilianza mwaka wa 1987. Bun B alikuwa na mwenzake Chad Butler, anayejulikana zaidi kama Pimp C.

Kazi waligawana. Pimp C, mtoto wa mpiga tarumbeta, ndiye aliyekuwa fundi wa midundo. Alichanganya ngoma za mashine na gita pamoja na kinanda chenye ladha ya kanisani, akatoa sauti nzito ya polepole ambayo ukiisikia tu unajua hii ni Texas. Yeye pia alirap. Bun B alikuwa mtu wa mistari, sauti nene na maneno yaliyopangwa kama matofali.

Albamu yao ya kwanza chini ya lebo kubwa ya Jive, Too Hard to Swallow, ilitoka 1992. Ikafuata Super Tight mwaka wa 1994, kisha Ridin' Dirty mwaka wa 1996. Hiyo ya tatu haikufanyiwa video hata moja, lakini watu waliinunua, wakarekodiana kaseti na kuipiga kwenye magari yao. Hadi leo mashabiki wengi huihesabu miongoni mwa albamu bora zaidi za hip hop kutoka kusini.

Kwa wengi nje ya Marekani, sauti zao zilisikika mara ya kwanza mwaka wa 2000 kwenye Big Pimpin', kibao cha Jay-Z walichoshirikishwa.

PIMP C ALIPOFUNGWA

Mambo yalipoanza kunoga, yakaharibika. Januari 2002 Pimp C alipelekwa jela kwa kukiuka masharti ya kifungo cha nje.

Hapo ndipo makundi mengi hufa. Anayebaki huru huanza safari yake, anabadilisha jina na marafiki, na yule wa ndani husahaulika. Hata hapa kwetu tumeona kundi likigawanyika kwa sababu ndogo zaidi ya hiyo, pengine pesa ya shoo moja tu.

Bun B alifanya kinyume. Alikubali kolabo baada ya kolabo, na wakubwa na wasiojulikana, na karibu kila alipopata nafasi alitaja jina la mwenzake. 'Free Pimp C' ikawa kauli ya mtaani. Iliandikwa kwenye fulana na kutamkwa kwenye nyimbo za watu ambao hata hawakuwa wa Texas.

Mwaka wa 2005 alitoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake. Aliiita Trill. Neno hilo lilitoka mitaa ya Port Arthur, ni 'true' na 'real' yaliyounganishwa. Mtu trill ni mtu wa ukweli, asiyeigiza. Kumbuka neno hilo, maana litarudi likiwa limefungwa ndani ya karatasi ya baga.

Desemba 30, 2005, Pimp C aliachiliwa. Agosti 2007 wawili hao walitoa Underground Kingz, na ikaingia moja kwa moja nambari moja kwenye chati ya Billboard 200. Ndani yake kulikuwa na Int'l Players Anthem, ngoma waliyofanya na OutKast, ambayo iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Kundi lililoanzia katika mji wa mafuta miaka 20 kabla lilikuwa limefika kileleni.

Furaha hiyo ilidumu miezi minne. Desemba 4, 2007, Pimp C alipatikana amefariki katika chumba cha hoteli eneo la Los Angeles. Alikuwa na umri wa miaka 33. Uchunguzi ulionyesha kwamba dawa ya kikohozi yenye codeine, ile ambayo marapa huiita 'lean', ikichangiwa na tatizo lake la kukatika pumzi usingizini, ndiyo iliyomuua.

Bun B alikamilisha kazi waliyokuwa wameianza, na UGK 4 Life ikatoka mwaka wa 2009. Ndiyo albamu ya mwisho ya kundi hilo. Hakutafuta rapa mwingine wa kujaza kiti cha mwenzake.

KUTOKA DARASANI HADI JIKONI

Baada ya hapo, Bun B alionekana kama mtu anayejaribu milango. Mwaka wa 2011 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Rice, Houston, somo kuhusu dini na hip hop, akishirikiana na Profesa Anthony Pinn. Mwaka wa 2013 alishirikiana na mwandishi Shea Serrano kutoa kitabu cha kupaka rangi chenye picha za marapa.

Muziki hakuuacha. Return of the Trill ilitoka 2018, na mwaka wa 2021 akatoa TrillStatik pamoja na produza Statik Selektah.

Chakula nacho kilikuwa karibu muda wote. Rapa anayezunguka mji hadi mji kwa miaka 30 hula mahali pengi, na Houston kwenyewe ni mji wa madishi ya kila aina. Kuna nyama choma ya Texas, vyakula vya Mexico, supu za Wavietnamu na jollof ya Wanigeria. Bun B alijulikana kama mtu wa kula na kusimulia alichokula, hata akaanzisha tovuti ya kuwaelekeza watu mahali pazuri pa kula.

Ila kuna tofauti kubwa kati ya kupenda kula na kuendesha mgahawa. Yeyote aliyewahi kufungua kibanda anaijua. Unaamka alfajiri, unanunua nyama, unalipa wafanyakazi, gesi inaisha saa ya foleni, na mteja mmoja aliyeumwa na tumbo anaweza kukufungia biashara.

Bun B hakusomea upishi. Alichofanya ni kile kile alichofanya na Pimp C tangu 1987: kutafuta watu wanaojua asichokijua, na yeye kuleta anachokijua. Miongoni mwa walioshirikiana naye ni Andy Nguyen, mfanyabiashara wa vyakula kutoka California. Wenzake walijua jiko na hesabu. Yeye alileta jina, ladha ya mji wake, na miaka mingi ya kuheshimiwa na watu wa Houston.

Mwaka wa 2021 wakaanza kuuza Trill Burgers. Hawakuanza na jengo la kifahari. Walianza kwa kuuzia kwenye mgahawa wa watu wengine na kwenye matamasha, leo hapa kesho pale, wakipima kama watu watarudi baada ya ile siku ya kwanza ya kupiga selfi.

BAGA YENYEWE

Hii si ile baga nene inayokulazimu ufungue mdomo kama kiboko. Ni ya kuponda, mtindo ambao Wamarekani huuita 'smash'.

Donge la nyama ya ng'ombe ya kusaga huwekwa juu ya bamba la chuma lenye moto mkali, kisha hugandamizwa hadi liwe jembamba. Nyama ikigusana na chuma hicho kote kote, upande wa chini hukauka na kuwa kahawia, na kingo zake hukatika kama krispi. Hapo ndipo ladha ilipo. Ukichelewa kuponda, mafuta yameshayeyuka na utakausha nyama yote. Moto ukiwa mdogo, nyama itachemka badala ya kukaangika.

Baga ya Trill ina vipande viwili vya nyama hiyo, jibini, vitunguu vilivyokaangwa polepole hadi vikawa vitamu, matango ya siki, na sosi yao wenyewe. Vyote hukaa ndani ya mkate laini wa viazi.

Kuna hesabu pia. Nyama nyembamba huiva kwa dakika chache. Maana yake, jiko moja linaweza kulisha foleni ndefu bila watu kukasirika. Kwa biashara iliyoanzia kwenye matamasha, ambako mteja anataka chakula kabla wimbo anaoupenda haujaanza, hilo ni jambo la kufa na kupona.

Ni menyu fupi, unaikumbuka ukiwa bado kwenye foleni. Ukitaka kujua kwa nini vibanda vingi vya chakula mtaani hufunga, angalia menyu zao. Pilau, chapo, samaki, pizza na keki, vyote kwa mpishi mmoja.

MWAKA WA 2022

Kama unataka kuona jinsi jukwaa na jiko vinavyoweza kuishi chini ya paa moja, angalia kalenda ya Bun B ya mwaka wa 2022.

Machi 11 aliongoza shoo kwenye Houston Livestock Show and Rodeo, maonyesho makubwa ya mifugo yanayofanyika kila mwaka. Shoo ilikuwa ndani ya NRG Stadium, uwanja unaobeba zaidi ya watu 70,000. Badala ya kusimama peke yake, aliwaita marapa wenzake wa mji huo, wakiwemo Slim Thug, Paul Wall na Lil' Keke. Jukwaa ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la waimba country likawa la hip hop ya nyumbani.

Aprili, Trill Burgers ilikuwa ikiuza chakula kwenye tamasha la Coachella, jimbo la California.

Mei, Bun B alikuwa jukwaani tena, safari hii kwa jina la UGK, kwenye shindano la Verzuz dhidi ya 8Ball & MJG wa Memphis. Fikiria hilo kidogo. Wapinzani wake walikuwa wawili wazima, marafiki wanaorap pamoja tangu utotoni. Upande wa UGK alikuwepo mmoja tu wa wale wawili wa mwanzo, na verse za Pimp C ilibidi zisikike bila mwenyewe.

Julai, Trill Burgers ilishinda shindano la kitaifa la baga la kipindi cha Good Morning America cha runinga ya ABC. Biashara ambayo haikuwa hata imefikisha mwaka mmoja, na isiyokuwa na mlango wake wa kudumu, iliwapiku wapishi waliokuwa na migahawa ya miaka mingi.

Ukipanga matukio hayo manne kwa mstari, utaona hakuna lililomla mwenzake. Jukwaa lilileta wateja kwa baga, na baga ikawafanya vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa Ridin' Dirty waulize UGK ni kina nani.

MLANGO WA KUDUMU, NA MAHAKAMA

Juni 2023, Trill Burgers ilifungua mgahawa wake wa kwanza kwenye barabara ya South Shepherd, Houston. Foleni ilizunguka jengo. Baadaye biashara ikapanuka na kufungua matawi mengine.

Lakini usidhani kila kitu kilikuwa sherehe. Mwaka huo huo kampuni hiyo na baadhi ya waliokuwa washirika wake walifikishana kortini, wakizozania pesa, kila upande ukiwa na madai yake.

Hapo kuna funzo gumu ambalo muziki wenyewe hutoa kila siku. Pesa zikiwa chache, watu hukumbuka ndoto. Zikianza kuingia, kila mtu hukumbuka mchango wake. Kundi la muziki na mgahawa wa ubia hufa kwa ugonjwa huo huo.

SI YEYE PEKE YAKE

Hip hop na chakula ni majirani wa zamani. Raekwon wa Wu-Tang Clan hujiita The Chef, ingawa anachopika yeye ni mistari. Coolio, aliyefariki 2022, alitoa kitabu cha mapishi mwaka wa 2009.

Prodigy, mmoja wa wawili wa kundi la Mobb Deep, alikaa jela zaidi ya miaka mitatu huku akiugua selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za Nyanza, Magharibi na Pwani zinaujua vizuri. Chakula kibaya kingeweza kumrudisha hospitalini, kwa hivyo alilazimika kujifunza kujipikia kwa vitu vilivyouzwa kwenye duka la gerezani. Kitabu chake cha mapishi hayo kilitoka 2016, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kati ya jela na kitabu hicho yeye na Havoc, mwenzake kundini, walikosana hadharani, wakapatana, na wakatoa albamu nyingine.

Action Bronson wa Queens, New York, yeye alipita njia ya kinyume. Alikuwa mpishi wa kulipwa. Akavunjika mguu akiwa jikoni, na katika kipindi cha kupona akaamua kuuchukulia muziki kwa uzito. Baadaye chakula kilimrudia kupitia runinga, akawa anazunguka dunia akila na kupika.

Hao wote wanaonyesha kwamba kazi mbili zinaweza kulishana. Tofauti ya Bun B ni kwamba alibeba jina lisilo lake peke yake. Kila 'Trill' inayoandikwa kwenye mfuko wa baga ni neno ambalo Pimp C pia alilitoa jasho. Baga mbaya ingemwaibisha marehemu.

KWETU JE?

Hapa Nairobi, Mombasa na Kisumu, msanii mwenye kazi ya pili bado huchekwa. Akionekana akiuza smokie au kusimamia kibanda cha chipo, mtandaoni wanaandika kwamba amefulia. Kundi nalo likisikia mmoja wao ameajiriwa hotelini, linaanza kumhesabu kama mtu aliyetoka.

Ukweli ni kwamba shoo si za kila wikendi, na pesa za kucheza ngoma mitandaoni haziwezi kulipa kodi ya nyumba ya watu wanne. Anayepika mchana ili arekodi usiku mara nyingi ndiye anayelipa studio.

Kama uko kwenye kundi na unataka kuingia jikoni, mambo machache ya kufanya mapema yatawaokoa urafiki. Andikeni nani anamiliki jina la kundi, na kama mmoja anaweza kulitumia kwenye biashara nyingine. Sajilini nyimbo zenu na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, mkionyesha nani aliandika na nani alitengeneza mdundo. Mnayoelewana mkinywa chai leo mtayabishania mkila kuku kesho.

Upande wa jiko, usianze kabla ya kupata leseni ya biashara ya kaunti na cheti cha afya cha mtu anayeshughulikia chakula, ambacho hupatikana baada ya kupimwa na hufanywa upya kila miezi sita. Askari wa kaunti hajali una mashabiki wangapi.

Na kuhusu wakati, semeni ukweli. Mwenye zamu ya jioni hotelini hawezi kuja mazoezini saa moja usiku. Kundi linalomtaka litahamisha mazoezi hadi asubuhi. Asipopata kundi la hivyo, basi huenda tatizo halikuwa kazi yake ya jiko.

Bun B hakuwahi kupewa nafasi ya kuamua kama atabaki na mwenzake au la. Kifo kilimwamulia. Alichobaki nacho ni jina, na angeweza kuliuza kwa yeyote, kwa bei yoyote. Badala yake alilisubirisha zaidi ya miaka kumi hadi akapata kitu ambacho alikuwa tayari kukiweka mbele ya watu wa mji wake na kuwaambia: onjeni.